Mpaka Mfumo Utulie

Kabla mwanga haujafika dirishani, cherehani ilianza. Kwanza pedali ililalamika kidogo, kama mtu aliyeamshwa mapema kuliko alivyopenda, kisha sindano ikashika mwendo wake. Chiriku alikuwa akiijua sauti ile tangu hajajua kusema. Alijua hata maana ya kunyamaza kwake. Ikinyamaza kidogo, mama anageuza kona ya pindo. Ikinyamaza sana, mama anawaza.

Asubuhi ile ilinyamaza sana, tena zaidi ya mara moja.

Chiriku akatoka chumbani akiwa amejitupia shuka mabegani. Mama yake alikuwa ameinamia gauni la mtoto chini ya taa, miwani imemshukia puani.

"Leo umewahi, mama."

"Mimi nawahi kila siku. Wewe ndiye hulala kama gogo," mama akasema bila kuinua kichwa. "Leo gogo limeamshwa na nini?"

Chiriku akacheka, akaenda kubandika chai. Mama hakuhitaji jibu. Alasiri ile angekuja mgeni, na mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa amemkosesha binti usingizi. Angekuja kuketi mbele ya mama na mbele ya shangazi, dada wa marehemu baba, aseme kwa mdomo wake kwamba anamtaka Chiriku. Shangazi alikuwa amekubali kwa sharti moja. "Aje," alisema, "lakini aje akiwa na kazi. Sina nguvu za kumsikiliza mwanamume anayeniambia anatafuta. Siku hizi kila mtu anatafuta."

"Kazi yake bado anayo?" mama akauliza, sindano ikiwa imesimama.

"Anayo, mama. Daktari mwenyewe alimwandikia mkataba. Mpaka mfumo utulie."

"Na mfumo haujatulia?"

"Ule? Mama, ule utatuzeesha sote."

Mama akatikisa kichwa taratibu, na cherehani ikaendelea.

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu ya kuongea, likamfuata hadi kazini. Alikuwa mtu wa mapokezi katika zahanati, na wagonjwa wenyewe walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza kama Chiriku yupo. Hapo mapokezi ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza yule ambaye baadaye zahanati nzima ilimwita Fundi Waya.

Wakati huo hali ya maisha ilikuwa imekaza. Mitaani maduka yalikuwa yakifungua mlango mmoja badala ya miwili ili kuokoa umeme, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyerudi mapema kutoka kazini akiwa na vitu vyake ndani ya boksi. Waya alikuwa mmoja wao. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilikiondoa chumba kizima cha watu wa kompyuta kwa asubuhi moja. Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka ofisi hadi ofisi, begi mgongoni na waya wa mtandao umeviringwa begani, akiomba kazi ya mkataba, hata fupi. Wiki moja shuleni, siku chache hotelini, kisha kimya. Kila mahali walimwambia watampigia simu, na simu yake ilikuwa imejifunza kunyamaza.

Chiriku naye alimwambia lile lile. "Kaka, daktari mkuu hana nafasi. Acha namba, tutakupigia."

"Sawa, dada. Naomba nikae kidogo tu, nje jua limekuwa kali."

Hakukaa hata kidogo. Bibi mmoja aliingia akiegemea fimbo, naye akamwachia kiti kabla bibi hajakitafuta kwa macho. Ndipo kompyuta ya mapokezi ikaganda, kama kawaida yake, foleni ikiwa imefika mlangoni. Waya akaja taratibu hadi kwenye meza.

"Dada, naweza kuiangalia? Sitagusa kitu mpaka uniruhusu."

Chiriku alishangaa. Mafundi waliokuja kabla yake walikuwa wakimwondoa kitini kwa mkono, kama mtu anayesogeza paka.

"Wewe ndiye unayeijua," Waya akaendelea. "Inapotaka kukwama, huwa inaanzaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alijikuta anaeleza yote, jinsi inavyovuma kwanza, jinsi majina yanavyochelewa, jinsi majibu ya maabara yanavyopotea kila baada ya umeme kukatika. Yule mwanamume alisikiliza hadi mwisho, macho yake usoni mwa Chiriku, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akapiga magoti chini ya meza, akakaza kitu, na kompyuta ikaamka. Daktari mkuu, mama mmoja mwenye haraka na roho nzuri, alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia. Siku hiyo hiyo akampa mkataba, na kwa kuwa hakuna aliyejua ugonjwa wa ule mfumo wa kompyuta ungechukua muda gani, wakaandika tu: mpaka mfumo utulie.

Chiriku alianza kumpenda palepale alipoulizwa lile swali, ingawa yeye mwenyewe aligundua baadaye sana.

Sasa alifika kazini asubuhi hiyo ya Jumamosi moyo ukiwa mwepesi, na akamkuta Waya ameketi sakafuni katikati ya nyaya, akizikunja moja moja na kuzitia begini.

"Unahama?" akamtania.

"Nimemaliza."

Alidhani ni utani. Akangoja tabasamu lifuate, halikufuata.

"Umemaliza nini?"

"Kazi. Mfumo umetulia, Chiriku. Jana jioni nilikuta ule ugonjwa wa mwisho." Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini ndani yake kulikuwa na mwanga wa mtoto aliyeshinda mchezo. "Unakumbuka majibu yanayopotea umeme ukikatika? Hayapotei. Kompyuta ya maabara ina kibetri kidogo ndani, kama kitufe cha koti, ndicho kinachoishikia saa. Kimekufa zamani. Umeme ukikatika, saa yake inarudi nyuma miaka. Kwa hiyo majibu ya leo yanajipanga kwenye miaka ya nyuma, na nani atayatafuta huko? Nimebadilisha kibetri. Njoo, nikuonyeshe unavyoikagua tarehe mwenyewe, ili siku ikirudia usisubiri mtu."

Akamwonyesha. Akamwonyesha tena, akamwachia afanye peke yake, na alipoweza akampa na neno la siri la mfumo wote, yeye na mwenzake wa mapokezi. Daktari mkuu alikwishaambiwa. Alikuwa amemshukuru Waya kwa mikono miwili na kusema angemtaja kwa madaktari wenzake, lakini nyakati zile kutajwa kulikuwa ni kutajwa tu.

Chiriku alisubiri hadi mwenzake alipotoka kwenda maabara.

"Kwa nini leo?"

"Kwa nini leo nini?"

"Usinifanye mjinga. Shangazi anakungoja leo. Sharti lake lilikuwa moja. Ungengoja Jumatatu."

Waya akaacha kukunja nyaya. "Nilijua utasema hivyo. Na wenzangu wamenicheka usiku kucha kwenye simu. Wananiambia, umewapa na neno la siri? Watakuita kwa lipi tena?"

"Wana haki ya kukucheka."

"Wana haki. Ule ugonjwa ulikuwa chakula cha mwaka mzima. Kila umeme ukikatika mngeniita, ningekuja, ningeyatoa majibu huko yalikojificha, mngenishukuru." Akatazama upande wa maabara. "Lakini unamkumbuka yule mzee wa juzi, mwenye mishipa migumu? Majibu yake yalipotea, wakamtoboa tena. Akaunyoosha mkono mwenyewe, akamwambia binti wa maabara, usijali mwanangu. Nilikuwa nimesimama pale. Nikishajua dawa halafu nikae nayo mfukoni, basi anayemtoboa ni mimi."

Chiriku alimwacha mzee kando. Alikuwa na la kusema kuhusu nafsi yake.

"Mimi je? Unajua nasemwaje kule kwetu? Shangazi ameshaniletea meneja wa ghala, mtu ana kiti chake na meza yake. Kila siku namjibu kwamba wangu naye ana kazi. Nimechoka kukupenda huku nikichekwa."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Waya akaokota waya mmoja, akauviringa polepole.

"Basi leo sema bado uko hapa," Chiriku akaongeza, sauti ikishuka. "Sentensi moja tu. Jumatatu utatafuta nyingine, nani atajua?"

"Unataka niseme hivyo?"

"Nataka usifukuzwe."

Walitazamana juu ya begi lililo wazi. Alikuwa karibu kiasi kwamba Chiriku aliona vumbi la chini ya meza kwenye nyusi zake, na mkono wake ulitamani kulifuta, na kwa hasira ukakataa.

"Nitakuja," Waya akasema tu.

Alasiri, shangazi alifika kabla ya mgeni, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuchagua kiti. Alikuwa mama wa mwili, mcheshi, mwenye ulimi usiolala, amevaa gauni lake la zambarau la kutokea. Alipenda familia ya kaka yake kwa namna ya kuisumbua.

"Wifi, mwanao anatembea kama kuku anayetaka kutaga," akamwambia mama. "Mwambie akae. Mwanamume akiwa na kazi atakuja na viatu vinavyosikika, tutamjua toka mbali."

Waya hakuwa na viatu vinavyosikika. Alibisha hodi taratibu, akangoja kukaribishwa, akaingia na shati lililopigwa pasi vizuri. Kabla hajaketi aliinama. Pini za mama zilikuwa zimemwagika karibu na mlango, hakuna aliyeziona. Akaziokota moja baada ya nyingine, akapapasa zulia kwa kiganja kuhakikisha hakuna iliyobaki, akazitia kwenye kopo lake juu ya cherehani. Kisha ndipo akasalimia.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu kiti," mama akasema. Alikuwa amemwona akiziokota zile pini.

Chai ikaletwa. Chiriku aliipangua na kuipanga sinia mara mbili bila sababu, kisha akakaa karibu na mama, akiangalia vidole vyake. Shangazi alikunywa nusu ya kikombe, akakiweka chini kama hakimu anayeweka nyundo.

"Haya, mwanangu. Sisi si watu wagumu. Tunauliza jambo dogo tu. Unafanya kazi wapi?"

Chiriku aliinua macho kutoka vidoleni. Alimtazama Waya, mara ya kwanza tangu aingie, na katika macho yake kulikuwa na ombi la asubuhi bado. Waya naye alimtazama. Ulikuwa mtazamo mpole, wa mtu anayeomba radhi kabla ya kosa.

"Hadi jana nilikuwa zahanati, shangazi. Nimemaliza. Jumatatu naanza kutafuta tena."

Shangazi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kana kwamba anatafuta shahidi.

"Umemaliza. Walikuondoa?"

"Hapana. Mkataba ulikuwa mpaka mfumo utulie. Umetulia."

"Nani aliutuliza?"

"Mimi."

"Kwa hiyo," shangazi akasema polepole, "muda wote huu ulikuwa na kazi, ukaimaliza siku ya mwisho kabla ya kuja kwangu. Hukuweza kuiacha ipumue hata hadi Jumatatu? Mwanangu, nimewaona wanaume wengi waliofukuzwa kazi. Anayejifukuza mwenyewe, wewe ndiye wa kwanza."

"Ni kweli, shangazi."

"Usinikubalie kila kitu, utaninyima raha ya kugomba." Akamgeukia mama. "Wifi, umesikia? Mtoto wa kaka yangu atalala kwenye mkataba, ataamkia kwenye mkataba. Kazi ina mwanzo na mwisho kama safari ya sokoni. Atajenga lini? Sema na wewe, usinyamaze kama ukuta."

Chiriku alitaka ardhi impokee. Lakini katikati ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinapanda, kitu cha moto na kitamu, nacho kilimshangaza. Alikuwa akimwonea fahari. Alikuwa amemwomba sentensi moja ndogo ya uongo na mwanamume huyu ameshindwa kuitoa, kama alivyoshindwa kukaa na dawa mfukoni. Ni mtu yule yule mmoja. Asubuhi alikuwa ametaka nusu yake.

"Shangazi," akasema, "mimi nilimwomba akudanganye. Amekataa."

"Ahaa. Kumbe na wewe umo."

"Nimo. Na nasema mbele yako, huyo meneja wa ghala mpelekee salamu zangu. Mimi wangu ni huyu, hata akiwa anatafuta."

Waya alikiweka kikombe chini taratibu, akaketi wima.

Ndipo mama akafungua kinywa. Hakumgeukia shangazi, alimgeukia mgeni, kwa sauti ile ile anayotumia kumuuliza mteja anataka mkono mrefu au mfupi.

"Baba, Jumatatu wakikwama, watamwita nani?"

"Hawatakwama sana, mama. Chiriku anajua. Na mwenzake anajua."

"Umewafundisha vyote?"

"Vyote."

"Hata kile ambacho wangekuitia?"

"Hicho ndicho nilichowafundisha kwanza."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akairudisha. "Wifi," akasema, "simama kidogo."

"Nisimame kwa nini?"

"Simama tu."

Shangazi akasimama, akishuku. Mama akamsogelea, akakunja pindo la gauni la zambarau ubavuni, akageuza mshono wa ndani ukaonekana.

"Gauni hili nilikushonea mwaka gani? Ulikuwa mwembamba."

"Wifi, usinitolee unene wangu mbele ya mgeni."

"Unene ni neema. Nakuuliza, nani alikutanulia?"

"Fundi wa karibu na kwangu. Wewe ulikuwa mbali."

"Alitanua kwa kitambaa gani?"

Shangazi akaupapasa mshono. Akainama akaangalia ubavu wake mwenyewe.

"Kilikuwa ndani," akasema.

"Kilikuwa ndani. Kila nguo ninayoshona, naacha kitambaa kwenye mshono, ili mwenye nguo akibadilika asilazimike kuja kwangu. Fundi yeyote amfungulie. Ningekata hadi kwenye uzi, ungerudi kwangu ukilia kila ukiongezeka."

"Nisingekuwa nalia. Ningekuwa nakula kidogo."

Wote wakacheka, hata Waya, na chumba kikapata hewa.

"Na uliacha kuja kwangu?" mama akauliza.

Shangazi akatikisa kichwa. "Nilikuletea na mashoga zangu wote. Unajua hivyo."

"Basi." Mama akaliachia pindo, akalinyoosha kwa kiganja kama alivyofanya kwa nguo maisha yake yote. "Miaka yote hiyo, kila gauni likiisha, kazi yangu nayo imeisha. Asubuhi naamka sina kazi mpaka mtu abishe hodi. Huyu mtoto alikula nini, wifi, chakula chake kilitoka wapi? Kazi yenye mwisho ndiyo iliyomlea. Huyu kijana ameacha kitambaa ndani. Mimi fundi mwenzangu namjua akigusa pini."

Shangazi akakaa. Alikunywa chai iliyokwisha kupoa, hakulalamika, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Baadaye akamuuliza Waya kuhusu mama yake mzazi, na kama analala vizuri, na mbona shingo imekonda hivyo, maswali ambayo watu huuliza wakiwa wameacha kuhukumu.

Jua lilipolegea, Chiriku alimsindikiza Waya hadi mlangoni. Walisimama pale ambapo sauti za ndani zinasikika lakini macho hayafiki.

"Nilisema neno baya asubuhi," akamwambia.

"Ulisema umechoka."

"Nilichoka vibaya." Akanyanyua mkono, na safari hii mkono haukukataa. Akamfuta nyusi, ingawa vumbi halikuwepo tena. "Jumatatu utaanzia wapi?"

"Kuna chuo kimoja kule juu, wana maktaba. Nasikia kompyuta zao zinagombana. Huenda wakanifukuza mlangoni."

"Wakikufukuza, omba ukae kidogo. Sema jua kali."

Akatabasamu, lile tabasamu alilolingoja tangu asubuhi. Ndani cherehani ilikuwa imeanza tena, mwendo wa raha, haisimami.

"Wewe kijana," sauti ya shangazi ikatoka sebuleni, nayo ikafuatiwa na shangazi mwenyewe, ameshika ubavu wa gauni lake bado. "Unaondoka bila kuniaga?"

"Samahani, shangazi. Nilikuwa narudi ndani."

"Sikiliza. Ukiipata kazi, njoo utuambie." Alimkazia macho, kisha macho yakalainika bila ruhusa yake. "Usipoipata, njoo mapema zaidi, unywe chai kabla hujaenda kuitafuta."